UPS na panga la ajira: tatizo ni Amazon, chama cha wafanyakazi au hesabu za wakubwa?

#1 Mzani_Halisi
Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja, tuijadili bila ushabiki.

Januari 2024 UPS, kampuni ya Marekani ya kusafirisha vifurushi, ilitangaza kuondoa nafasi 12,000, nyingi za mameneja. Aprili 2025 wakaja na 20,000 pamoja na kufunga majengo 73. Oktoba 2025 tukasikia 48,000. Januari 2026 wakasema mwaka huo wataondoa hadi 30,000 na kufunga majengo mengine 24 katika nusu ya kwanza. Hii ni kampuni iliyoanza 2025 ikiwa na watu karibu 490,000.

Kila mtu anaimba "ushindani mkali, Amazon imewamaliza". Mimi nasema UPS haikunyang'anywa mteja. Imemfungulia mlango yenyewe. Tarehe 30 Januari 2025 walitangaza makubaliano ya kupunguza mizigo ya Amazon kwa zaidi ya nusu ifikapo katikati ya 2026, na Amazon ilikuwa inaleta asilimia 11.8 ya mapato yao ya 2024. Anayekata tawi alilokalia akianguka, atamlaumu nani? Karibuni.

#2 Kamba_Mbili
Nimekaa mbele kabisa. Wenye kujua waje.

#3 BiForodha
Kabla hatujafika mbali, tuweke hesabu sawa, maana nimeona watu kwingine wanajumlisha 20,000 na 48,000 wanapata 68,000. Sivyo. Zile 48,000 zimegawanyika: 34,000 za operesheni (madereva, wachambuzi wa mizigo, wapakiaji) na 14,000 ambazo nyingi ni za usimamizi. Zile 20,000 za Aprili zimo ndani ya 34,000. Yaani walipanga 20,000 wakapitiliza. Na majengo hayakuishia 73, hadi mwisho wa Septemba 2025 walikuwa wamefunga 93.

#4 Fundi_Mkanda
Mzani, hoja yako #1 ina nusu ya ukweli. Mizigo ya Amazon haifanani. Kuna aina tatu:

Mizigo inayotoka kwenye maghala ya Amazon kwenda kwa mnunuzi. Hii ndiyo UPS wanaikimbia. Amazon wana magari yao, kwa hiyo mitaa iliyobanana wanajipelekea wenyewe, na kinachobaki kwa wengine ni nyumba za mbali na mizigo ya msimu.

Mizigo inayorudishwa na wanunuzi. Hii UPS wanaitaka, kwa sababu mteja anaileta mwenyewe dukani, haina kubisha hodi.

Mizigo ya wauzaji wadogo wanaouza kupitia Amazon lakini wanajitumia wenyewe. Hii nayo inalipa.

Kwa hiyo hawakumfukuza mteja, wamechagua sehemu ya mzigo wake. Swali linalobaki ni kama mtandao uliojengwa kwa mizigo yote unaweza kuishi na sehemu tu.

#5 Dereva_Jioni
Nadhani watu wengi hawajui gharama ya kifurushi inazaliwa wapi. Haizaliwi kwenye kifurushi, inazaliwa kwenye ruti. Nitatumia namba za mfano tu ili hesabu ionekane.

Chukua gari, dereva na mafuta kwa siku: dola 700. Ruti ina milango 140. Kila mlango umegharimu dola 5.00. Una ruti 10, jumla milango 1,400.

Sasa ondoa asilimia 30, yaani milango 420 ya mteja mmoja. Inabaki 980. Kwenye karatasi ya ofisini unagawa kwa 140, unapata ruti 7. Madereva watatu waende nyumbani, gharama bado dola 5.00, kila mtu anapiga makofi.

Barabarani haiendi hivyo. Milango iliyobaki imetawanyika, kila ruti sasa inafunika eneo kubwa zaidi, na muda wa kutoka mlango mmoja hadi mwingine umeongezeka. Dereva yule yule hafikishi 140, tuseme anafikisha 125. 980 gawa kwa 125 ni 7.84, maana yake ruti 8. Gharama dola 5,600 kwa milango 980 ni dola 5.71. Umepunguza watu na bado kila mlango umepanda bei kwa senti 71. Usipopandisha nauli, umepoteza. Ukipandisha, mteja mdogo anaangalia upande wa pili.

#6 Mzani_Halisi
Dereva_Jioni asante. Umenipa hoja bila kukusudia. Kumbe mzigo usio na faida ulikuwa unabeba sehemu ya gharama ya mzigo wenye faida.

#7 Hisa_Kavu
Mzani usishangilie mapema. Robo ya tatu ya 2025, wingi wa mizigo ya ndani ya Marekani ulishuka kwa takriban asilimia 12, lakini mapato kwa kila kifurushi yakapanda asilimia 9.8. Ndiyo sera ya mkuu wa UPS, Carol Tomé, tangu ashike usukani Juni 2020: bora kuliko kubwa. Mizigo michache, bei nzuri, wateja wadogo na wa kati, na dawa za hospitali. Kampuni ya Andlauer ya Kanada wameinunua kwa dola bilioni 1.6 kwa sababu hiyo hiyo ya dawa na friji. Namba zinawabeba.

#8 Dereva_Jioni
Hisa_Kavu, hiyo asilimia 9.8 isikuchanganye. Wastani unaweza kupanda bila mtu yeyote kupandishiwa bei hata senti.

Mfano: vifurushi 70 vya dola 14 na vifurushi 30 vya dola 7. Jumla dola 1,190, wastani 11.90. Ondoa 15 vya bei rahisi. Sasa una dola 1,085 kwa vifurushi 85, wastani 12.76. Wastani umepanda zaidi ya asilimia 7, na mapato yameshuka karibu asilimia 9. Ukisoma mstari mmoja wa taarifa unaona sherehe, ukisoma wa pili unaona msiba.

Sisemi yote 9.8 ni hiyo. Nasema ukiona wastani, uliza kwanza kilichotoka kapuni.

#9 Kamba_Mbili
Hapo ndipo mhasibu anapotakiwa aje ajitetee 😂

#10 Tonge_Nyama
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni mkataba wa 2023 na Teamsters, chama cha wafanyakazi. Dereva anapata dola 170,000 kwa mwaka! Kampuni gani itashindana na Amazon kwa mshahara huo?

#11 Katibu_Mstaafu
Tonge_Nyama, hiyo 170,000 ilisemwa na kampuni yenyewe, na ni mshahara PAMOJA na bima ya afya, pensheni na marupurupu, kwa dereva wa kudumu, mwishoni mwa mkataba wa miaka mitano. Siyo hundi anayoenda nayo benki.

Kiwango cha juu cha saa kwa wastani kitafika dola 49. Saa 40 mara wiki 52 ni saa 2,080, ukizidisha unapata dola 101,920 kabla ya kodi na kabla ya saa za ziada. Kinachobaki hadi 170,000 ni bima, pensheni na muda wa ziada. Na wafanyakazi wa muda, ambao ni kundi kubwa ndani ya wale 340,000 waliokuwa chini ya mkataba, walianzia dola 21 kwa saa.

Halafu mkataba una ahadi mbili zinazokwaruzana na huu mpango wa sasa: kuunda ajira za kudumu na kununua magari mapya yasiyopungua 28,000 yenye viyoyozi. Chama kinasema kampuni inapunguza madereva huku ahadi hazijatimia. Mkataba unaisha 31 Julai 2028. Kaeni mkao wa kula.

#12 Tonge_Nyama
Sawa katibu, bado ni ghali. Dereva wa mkandarasi wa Amazon hapati hata karibu na hiyo. Jibu hapo.

#13 Fundi_Mkanda
Hapo #12 una hoja, ila elewa mfumo. Tangu 2018 Amazon ina mpango wa wakandarasi: mtu anafungua kampuni ndogo, anapewa utaratibu wa kukodi magari, anaendesha hadi magari 40 hivi, na madereva ni waajiriwa wake, si wa Amazon. Mzigo ukipungua, mkandarasi ndiye anayebaki na mshahara wa kulipa. FedEx, mshindani mwingine wa UPS, upande wa huduma yake ya Ground nao ni wakandarasi. UPS ndiyo iliyobaki na madereva wake mwenyewe, wenye chama.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye dola kwa saa peke yake. Ipo kwenye nani anabeba hasara siku mzigo haupo. Amazon na FedEx wanaisukuma nje. UPS inabaki nayo ndani, na ndiyo maana ikipungukiwa mzigo tunaona vichwa vya habari vya maelfu. Kule wakandarasi wanakufa kimya kimya, ishirini huku, thelathini kule, hakuna anayejumlisha.

#14 Katibu_Mstaafu
#13 umepigilia msumari.

Naongeza jambo: wakati wa mazungumzo ya 2023, wateja waliogopa mgomo wakahamisha mizigo. UPS yenyewe ilisema ni kama vifurushi milioni moja kwa siku. Sehemu ilirudi, lakini si yote. Mapato ya 2022 yalikuwa dola bilioni 100.3, ya 2023 yakawa bilioni 91. Mwaka 1997 walipogoma kweli, siku 15, watu 185,000, mteja hakuwa na pa kwenda kwa kiwango hiki. Safari hii palikuwepo.

#15 Hisa_Kavu
Katibu amekiri mwenyewe kwamba chama kilifukuza mzigo. Uzi ufungwe.

#16 Katibu_Mstaafu
Sijasema hivyo kijana. Uoga wa mgomo unatengenezwa na pande mbili mezani, si mmoja.

#17 Kipanga_wa_Anga
Nawarudisha nyuma kidogo, historia hii ina pacha wake. DHL ndani ya Marekani. Walinunua kampuni ya vifurushi ya Airborne mwaka 2005, wakataka kupigana na UPS na FedEx nyumbani kwao. Novemba 2008 wakatangaza kuondoa watu 9,500 kwa mkupuo mmoja na kuondoka Marekani. Tofauti ni kwamba wao walishindwa kujaza magari, UPS wanayapunguza kwa makusudi.

#18 BiForodha
Kipanga, masahihisho mawili. Airborne ilinunuliwa 2003, kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2005 ndipo walipohamisha kituo kikuu cha ndege kutoka Cincinnati kwenda Wilmington, Ohio.

La pili, hawakuondoka. Walifunga huduma ya ndani, mzigo wa kutoka jimbo hadi jimbo, mwisho wake 30 Januari 2009. Huduma ya kimataifa ilibaki na ipo hadi leo. Vituo vilitoka 412 vikawa 103, na vituo vyote 18 vya mizigo ya barabara vikafungwa. Hao 9,500 walikuja juu ya wengine 5,400 waliokwisha kuondoka kabla.

#19 Kipanga_wa_Anga
Bi mkubwa hujambo, umenishika 😀 Lakini hapo kwenye kuhamisha kituo 2005 ndipo penye somo la kiufundi. Waliunganisha mifumo miwili ya uchambuzi ndani ya jengo moja. Mizigo ikachelewa, wateja wakubwa wakakimbia, na mteja wa vifurushi akishaunganisha programu yake ya lebo na kampuni nyingine, kurudi ni kazi.

Na kwa Wilmington, mji mdogo, walipoteza ajira kama 8,000 ukijumlisha na mashirika ya ndege yaliyokuwa yanawabebea. Unajua nani alikuja kutumia uwanja ule baadaye? Amazon, kwenye majaribio ya ndege zao 2015. Kisha wakajenga kituo chao kikuu palepale DHL walipotoka, Cincinnati upande wa Kentucky, kikafunguliwa 2021 kwa dola bilioni 1.5.

#20 Kamba_Mbili
Duh. Maiti ya DHL ndiyo iliyomnenepesha Amazon.

#21 Kipanga_wa_Anga
Maiti gani, DHL walirudi uwanja huo huo wa Cincinnati na wanapiga kazi. Soma #18 tena.

#22 Chaki_Nyekundu
Swali la mjinga: kwani kufunga jengo moja kuna ugumu gani? Unahamishia mizigo jengo la jirani, basi.

#23 Fundi_Mkanda
Chaki, hilo si swali la mjinga, ndilo swali lenyewe. Jengo la usambazaji linafanya kazi hivi: matela yanaingia usiku, mizigo inateremshwa kuanzia kama saa kumi alfajiri, inapita mkandani, wapakiaji wanaipanga ndani ya magari kwa mpangilio wa ruti, madereva wanatoka kama saa tatu asubuhi. Ukifunga jengo, haya yote yanabadilika:

Misimbo ya posta yote ya jengo lile inaelekezwa upya kwenye ramani ya uchambuzi. Usipobadilisha kwenye vituo VYOTE vinavyotuma, baadhi wataendelea kupeleka mizigo kwenye jengo lililofungwa. Wiki mbili za kwanza ndizo mbaya.

Jengo linalopokea lazima liwe na milango ya matela ya kutosha. Likiwa na milango 20 na sasa matela ni 32, matela 12 yanasubiri uani. Mzigo upo umbali wa mita mia, lakini kwa mteja umechelewa.

Muda wa mkanda haunyumbuki. Mkanda unaochambua vifurushi 5,000 kwa saa hauchambui 7,500 kwa sababu bosi ametuma barua pepe. Unaanza mapema zaidi, na hapo unalipa saa za usiku.

Halafu kuna safari ya kutoka jengoni hadi mlango wa kwanza, na ya kurudi. Hii ndiyo inayoua. Jengo jipya likiwa mbali zaidi kwa dakika 35, dereva anapoteza dakika 70 kwa siku. Kwa kasi ya milango 17 kwa saa, hiyo ni milango kama 20 iliyokufa. Zidisha kwa madereva 60 wa jengo lile: milango 1,200 kwa siku. Akiba ya kodi na umeme wa jengo inaanza kuonekana ndogo.

Ndiyo maana wanaofanya vizuri hufunga yale yaliyo karibu na jingine lenye mitambo mipya, na huyaacha ya pembezoni hata kama ni makuukuu.

#24 Dereva_Jioni
Ongeza #23: ukichelewa kutoka asubuhi, ofisi na maduka yanayofunga mapema yanakukosa. Mlango uliokosa leo unarudi kesho, unalipa mara mbili, umelipwa mara moja.

#25 Chaki_Nyekundu
Nimeelewa, shukrani. Sasa mashine je? Nasikia ndizo zinazowafukuza.

#26 Fundi_Mkanda
Mashine zipo, lakini zinakula upande mmoja. Ndani ya jengo: mikono ya roboti kuteremsha, mikanda inayosoma lebo yenyewe, na lebo zenye chipu ya redio. Zamani mpakiaji alipiga skana kila kifurushi. Sasa gari lenyewe linatambua mzigo usio wake ukiingia, linalia. UPS walisema hilo linaondoa skani za mikono milioni 20 kwa siku. Inaokoa sekunde, lakini hasa inapunguza mizigo iliyopakiwa gari lisilo lake, na hilo ndilo lililokuwa ghali.

Barabarani mashine haijachukua kazi. Bado ni mtu, mguu na ngazi za nyumba. Kwa hiyo ukisema 34,000 wote wametolewa na roboti, mwulize anayesema: yule dereva katolewa na roboti gani?

#27 Tonge_Nyama
Roboti inayokataza kukata kona kushoto 😂 Si ndio hawa magari yao hayakati kushoto?

#28 Dereva_Jioni
😂 Wanakata, wanapunguza tu. Marekani wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kona ya kushoto inakatiza magari yanayokuja, unasubiri huku injini inaunguruma. Programu yao ya ruti, ORION, inaiepuka pale ambapo mzunguko wa kulia ni nafuu. Mtaa mtulivu usio na magari, dereva anakata kushoto kama kawaida.

#29 Mzani_Halisi
Jamani turudi kwenye uzi.

#30 Sanduku_Tupu
Hakuna aliyegusa bei, na mimi naona ndipo wateja wadogo wanapokimbilia. Uzito unaotozwa si wa mizani tu. Unapima urefu mara upana mara kimo kwa inchi, unagawa kwa 139, ukipata zaidi ya uzito halisi, unatozwa hiyo. Hilo ni la zamani. Jipya ni la 18 Agosti 2025: UPS na FedEx wote walianza kupandisha kila sehemu ya inchi kwenda namba nzima inayofuata.

Sanduku la inchi 18.1 kwa 12.1 kwa 10.1. Zamani lilisomwa 18 × 12 × 10 = 2,160, gawa 139 ni 15.54, unatozwa ratili 16. Sasa linasomwa 19 × 13 × 11 = 2,717, gawa 139 ni 19.55, unatozwa ratili 20. Sanduku lile lile, kitu kile kile, ratili nne zaidi. Na sanduku likivimba katikati kwa kujazwa sana, mashine inapima pale lilipovimba.

Dawa yake kwa muuzaji: agiza masanduku yenye vipimo vya NJE visivyovuka namba kamili ya inchi. Wengi wanaagiza kwa vipimo vya ndani, unene wa kadibodi unawamaliza.

#31 Hisa_Kavu
#30 uzi wako peke yake unatosha. Lakini ona: wote wawili walifanya tarehe moja. Huo ndio ushindani mkali tunaoambiwa?

#32 Sanduku_Tupu
Wawili hao kweli wanafuatana. Ushindani unatoka chini yao: kampuni za majimbo, posta ya taifa na Amazon anayebeba hata mizigo ya wasiouza kwake.

#33 BiForodha
Na posta ni kisa kizima. UPS walikuwa na huduma ya bei nafuu ambapo wao wanabeba safari ndefu, posta inamalizia mlangoni. 1 Januari 2025 wakaacha kutumia posta, wakaamua kumalizia wenyewe. Rudini #5 mkafanye hesabu: kifurushi chepesi cha bei ya chini, nyumba ya mbali, dereva wa gharama ya juu. Gharama zikapanda, na kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa wamerudi mezani na posta. Hapo huwezi kumlaumu Amazon wala Teamsters.

Na kuna jingine. Msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa kwa mizigo ya China na Hong Kong 2 Mei 2025, kisha kwa nchi zote 29 Agosti. Njia ya China kwenda Marekani ndiyo iliyokuwa inawalipa vizuri. Zamani kifurushi kilipita kwa maelezo mafupi. Sasa kila kimoja kinataka nchi kilikotengenezwa, namba ya ushuru na thamani, na kwa vyuma hata nchi vilikoyeyushwa na kumiminwa. Muuzaji akiandika "zawadi" au "nguo" tu, mzigo unalala forodhani. Kazi ya watu wa nyaraka imeongezeka huku mizigo inapungua.

#34 Mzani_Halisi
BiForodha, kwa hiyo wewe unasema ni sera ya serikali?

#35 BiForodha
Nasema ni mojawapo. Wewe ndiye unayetaka mkosaji mmoja.

#36 Hesabu_Moto
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja gawio. UPS inalipa dola 6.56 kwa hisa kwa mwaka, ambayo ni kama dola bilioni 5.5. Akiba waliyolenga kwa kupunguza watu na majengo 2025 ni bilioni 3.5. Mwaka huo huo walinunua hisa zao wenyewe za dola bilioni 1. Kampuni isiyo na pesa ya madereva inapata wapi pesa hizo?

#37 Hisa_Kavu
Miongoni mwa wenye hisa kuna mifuko ya pensheni na wafanyakazi wenyewe, mkuu. Ukikata gawio, hisa inaporomoka, na mkopo unakuwa ghali.

#38 Hesabu_Moto
Hisa imekwisha kushuka vya kutosha bila gawio kukatwa. Kwa hiyo hiyo kinga haijakinga.

#39 Katibu_Mstaafu
#36 👏

#40 Chaki_Nyekundu
Wale waliopewa pesa waondoke kwa hiari, walipewa ngapi?

#41 Katibu_Mstaafu
Mpango wa madereva wa 2025: dola 1,800 kwa kila mwaka wa utumishi, kima cha chini dola 10,000. Miaka 5 ni 9,000, kwa hiyo anapandishwa hadi 10,000. Miaka 20 ni 36,000. Miaka 25 ni 45,000. Pensheni na bima ya wastaafu aliyokwisha kuipata inabaki, haimo humo. Chama kiliwaambia madereva wakatae.

Sababu ni rahisi kuiona. Dereva wa dola 49 kwa saa anapata 36,000 kwa saa kama 735 za kawaida, yaani miezi minne na kidogo. Kwa aliyekuwa anastaafu mwaka huo, ni bonasi. Kwa mwenye miaka 45, ni kuuza kiti cha ukongwe kwa bei ya miezi minne.

Na ukongwe ndio kila kitu kule. Kazi ikipungua, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Dereva aliyesimamishwa anaweza kuingia ndani ya jengo kufanya kazi ya saa chache, akimsukuma mdogo wake wa kazi. Kwa hiyo nafasi moja ya dereva ikifutwa, anayekwenda nyumbani mwishoni mara nyingi ni mpakiaji wa alfajiri ambaye hakutajwa popote.

#42 Kipanga_wa_Anga
Tusisahau ndege. 4 Novemba 2025 ndege yao ya mizigo aina ya MD-11 ilianguka Louisville ikipaa, ndege za aina hiyo zikazuiwa kuruka, na baadaye UPS wakaamua kuzistaafisha kabisa. Zilikuwa kama asilimia 9 ya ndege zao, na msimu wa sikukuu ulikuwa unaingia.

#43 Mzani_Halisi
FedEx nao waliachana na Amazon 2019, mbona hawakulia?

#44 Hisa_Kavu
Kwa sababu Amazon ilikuwa asilimia 1.3 tu ya mapato ya FedEx. Linganisha na 11.8 uliyoiandika mwenyewe #1. Na 2025 wamerudiana, kwa mizigo mikubwa tu.

#45 Fundi_Mkanda
Na FedEx nao wanafunga vituo. Walikuwa na mitandao miwili, Express na Ground, magari mawili ya kampuni moja kwenye mtaa mmoja siku moja. Wanaunganisha. Kwa hiyo ukihama UPS kwa sababu wanafunga majengo, angalia unakohamia.

#46 Sanduku_Tupu
Kwa wauzaji wanaosoma hapa: ukituma zaidi ya vifurushi 50 hivi kwa siku usiwe na kampuni moja. Gawa, mfano 70 kwa 30, na weka lebo za zote mbili tayari kwenye programu yako, zikiwa zimejaribiwa. Soma kifungu cha kiwango cha chini kwenye mkataba: punguzo lako linaweza kushuka mara tu unapogawa mzigo. Na uliza jengo gani linakuhudumia. Likiwa kwenye orodha ya kufungwa, saa ya mwisho ya kuchukua mizigo kwako itarudi nyuma, pengine kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa tisa.

#47 Hesabu_Moto
Na usiache deni likue upande wao. Kampuni ya vifurushi ya City Link ya Uingereza, mkesha wa Krismasi 2014: iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, waajiriwa 2,727, na madereva wengi walikuwa wakandarasi wenye magari yao. Hao wakandarasi walikuwa wadai wasio na dhamana, foleni ya mwisho kabisa. Mwekezaji alikuwa ameinunua kwa pauni 1 mwaka 2013 na kutia milioni 40.

#48 Tonge_Nyama
UPS haifiki huko. Ina faida.

#49 Hesabu_Moto
Sijasema inafika. Nimesema wakandarasi wa #13 wasome mikataba yao.

#50 Chaki_Nyekundu
Swali la mwisho kabla sijalala: jengo likifungwa Marekani, wafanyakazi wanaambiwa lini?

#51 Katibu_Mstaafu
Sheria ya taifa inataka notisi ya siku 60 kwa mwajiri wa watu 100 au zaidi, jengo likifungwa na watu 50 au zaidi wakapoteza kazi. Angalia hiyo 50. Jengo dogo la madereva 30 na wapakiaji wa muda linaweza lisifike, maana anayefanya chini ya saa 20 kwa wiki kwa wastani hahesabiwi. Na anayepewa nafasi jengo jingine lililo karibu anaweza asihesabiwe kuwa amepoteza kazi.

#52 Chaki_Nyekundu
Karibu ni umbali gani?

#53 Katibu_Mstaafu
Sheria inasema umbali wa kusafiri unaokubalika, haitaji maili. Hapo ndipo mawakili wanapopatia ugali.

#54 Dereva_Jioni
Dakika 35 za #23 zinaingia humo?